Kanga ya Bibi Ilikuwa Mkononi Mwangu

Bariadi, Jumapili, mwezi wa Septemba.

Ndugu wa ukurasa huu, naahidi kueleza yote bila kuficha, ila jina langu nifichieni.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na Bibi mzaa mama, kijiji kimoja upande wa Nkololo. Ada yangu analipa mume wa dada yangu, anayeishi Lamadi. Tangu biashara ziachiwe huru, Shemeji amenunua gari kuukuu na mahema, anawaleta wageni kulala siku mbili kwenye mto wetu mkavu. Wakati wa kiangazi mto ule ni mchanga mtupu, mweupe, mpana, na wageni huuita jangwa. Hupanda mawe, hutembea pekupeku, na alfajiri hupiga picha jua likichomoza.

Likizo iliyopita aliniomba nikawe mkalimani. Nilifurahi sana. Nilijua Kiingereza changu kimepata kazi.

Asubuhi ya pili, mama mmoja wa Kizungu aliomba kumpiga picha Bibi akichota maji. Kwetu tunachimba shimo mchangani, na likiwa refu unaingiza kichwa na mabega ndipo kibuyu kifike. Lazima uvue kanga ya kichwani, isije ikaangukia majini. Lakini Babu alikuwa amefariki karibuni, na Bibi alikuwa amenyolewa.

"Mwambie apige mikono na maji," Bibi alisema. "Kichwa cha msiba hakionyeshwi wageni. Nikivua kanga, ashushe hiyo mashine yake."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mama aliitikia kwa heshima. Shemeji naye akacheka, "Bibi, usiwe na shaka, mimi mkweo nipo!"

Bibi akanipa kanga yake nimshikie. Mgeni akashusha kamera, hata akageuka pembeni. Nikasikia mlio wa kamera nyuma yetu, kwenye vichaka. Shemeji alitoka na kamera yake shingoni, akasema alikuwa anapiga ndege. Nilimwamini.

Mwisho wa likizo nilikwenda Lamadi kuchukua ada. Kwenye duka moja karibu na stendi nikaona kadi za posta zimepangwa mlangoni.

"Karibu binti," mwenye duka aliniambia. "Hiyo ya bibi kizee ndiyo wageni wanaigombania. Anaileta jamaa mmoja wa mahema."

Alikuwa Bibi yangu. Kichwa kitupu, kimeinama, kinang'aa kwa jua la asubuhi. Pembeni kuna mkono ulioshika kanga. Mkono ule ni wangu.

Nilimkuta Shemeji anakula. Nikamwuliza kwa nini.

"Sasa hivi ruksa, shemeji yangu," alijibu huku akitoa miiba ya sangara. "Bibi anakuja lini huku Lamadi? Atajuaje? Na wewe unayenikazia macho, unadhani ada yako inaokotwa mchangani?"

Dada alinifuata uani. "Mdogo wangu, nakuomba, nyamaza. Usinivunjie nyumba." Niliipokea ada ile. Sikuwa na nyingine.

Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa shuleni nikamwone Bibi. Nywele zimeanza kumwota. Tulisalimiana, "Mwangaluka," kisha akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, yule mgeni alilishika neno langu?"

"Alilishika, Bibi," nilijibu. Haukuwa uongo.

Akanishika mkono hadi zizini, akanionyesha mtamba wake mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe. "Huyu ni wa mkwe wangu. Nimemtenga. Ametusomeshea mtoto, tena alinilinda mbele ya wageni. Mwandikie aje amchukue mwenyewe."

Nimerudi shuleni na salamu hizo sijazituma. Nikisema, dada ataumia, ada itakatika na mwakani ni mtihani. Nikinyamaza, Bibi atamfungulia mtamba mtu aliyemvua kanga mbele ya dunia, na ataamini kwamba tulimstahi.

Ndugu wasomaji, hasa mliolelewa na bibi zenu, nijibuni upesi, kwa maana ng'ombe bado yuko zizini: nimwambie Bibi, au nimwandikie Shemeji aje?