Niligeuza Paa la Duka Kuwa Ndiva

Saa tisa na dakika arobaini alasiri mvua ilianza kunyesha Same, nami nikafurahi. Nasema mapema: kosa ni langu, sina wa kumsukumia.

Mdogo wangu Nakunda alipostaafu ualimu, alitoa kiinua mgongo chake chote tukanunua lile jengo la zamani la duka kubwa. Ghorofa moja ya zege, vioo vipana mbele, ukuta wa matofali ya matundu, paa bapa lenye kingo. Alitaka tulirudishie sura yake, kisha chini afungue darasa la ushonaji. Kazi akaniachia mimi. Ujenzi sikuusomea, nimejifundisha kwa vitabu. Nilijivunia hilo. Kumbe!

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Sakafu ikasuguliwa ikang'aa, vioo vikarudi. Kilichonisumbua ni maji. Huku Same, chini ya milima, tunayanunua kwa madumu.

Mimi ni mtoto wa Suji. Kwetu mlimani tuna ndiva, bwawa dogo la wanakijiji: unaziba tundu, maji yanajaa usiku, asubuhi unayafungulia mashambani. Nikalitazama paa lile na kingo zake. Nikayaziba kwa saruji mabomba yote ya kutolea maji ya mvua, nikaacha koki moja ndogo.

Fundi wetu, Msukuma mcheshi, alicheka. "Mpare bwana! Hata mvua unataka kuiweka benki?" Kisha akakunja uso. "Lakini mzee, ndiva yenu chini yake kuna mlima. Hii chini yake tupo sisi."

Nikamwonyesha daftari. Lita zote nilizipigia hesabu. Uzito wake sikuandika hata mstari mmoja! Mimi, ninayejua kwamba lita ya maji ni kilo nzima!

Mvua ilipiga saa nzima bila kupumua. Dari ikaanza kudondosha mchanga. Nikafungua koki, maji yakatoka kama uzi. Fundi akapanda na nyundo kuvunja saruji, ikamkatalia; niliikoroga vizuri mno. Zege likalia. "Shuka! Shuka!" nikapiga kelele.

Akashuka. Tukavuka barabara, tukasimama kutazama. La kufanya hatukuwa nalo.

Nakunda akaja mbio, ameloa. "Kaka, mbona maji hayashuki?"

Kabla sijamjibu, paa likaporomoka, likapita na sakafu ya juu, likasambaratisha vioo vyote.

Mhandisi aliyekuja kukagua alisema nguzo zimepasuka, jengo lote libomolewe.

Nakunda hajanigombeza. Akipiga simu bado anaanza na "Shikamoo kaka." Kuitikia marahaba ndiyo adhabu yangu. Mara moja tu aliniambia, "Ungeniuliza, ningekataa."

Ndugu yangu unayesoma, ukikarabati jengo la zamani, usizibe kitu ambacho hujui kwa nini kiliachwa wazi. Na jasho la mwenzio usilifanyie majaribio!

Tumeuza nondo na matofali yaliyosalia. Fedha ya Nakunda ambayo haitarudi ni shilingi milioni arobaini na moja, laki sita na elfu ishirini.