Usaili wa Kupanda Meli

Mtu mwenye akili zake akiwakumbuka wadogo zake hupiga simu na kusema, "Nimewakumbuka." Mimi nilitafuta meli.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Chanjo zilikuwa zimeshaanza kutolewa, barakoa bado tulizivaa, na mimi sikuwa nimekaa meza moja na wadogo zangu tangu ugonjwa uanze. Amri ilikuwa yangu mwenyewe. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee. Ninawaogesha, ninawalisha, ninawageuza kitandani. Ugonjwa ulipoingia pale, niliwapiga marufuku wadogo zangu wasikanyage kwangu.

Wako wawili. Anayenifuata ni wa kike, nesi, anaishi Rockville, hapa hapa Marekani. Kitinda mimba ni wa kiume, anaishi College Park katika nyumba aliyopanga na vijana wenzake, na anafanya kazi ambayo mpaka leo siwezi kumweleza mtu. Ninachojua ni kwamba anaifanya akiwa na nguo za kulalia. Mimi nimebaki Takoma Park, kwenye fleti ile ile tuliyokulia.

Kila Jumapili nilipika pilau, nikaipakia kwenye vyombo vya plastiki, nikaenda kuiacha milangoni kwao. Nilirudi nyuma hadi kwenye gari na kupunga mkono kama mgombea ubunge. Nao walipunga. Miezi ikapita, kitinda mimba akaanza kufungua mlango nikiwa nimeshaondoka. Kisha nesi akaniandikia: "Dada, usijisumbue wiki hii, nimepika."

Nimepika! Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama kokoto kiatuni. Mtoto niliyemkorogea uji amepika, hajaungua, wala hajapiga simu kuuliza chumvi inawekwa saa ngapi. Nikaanza kuogopa kwamba siku nitakapoondoa marufuku yangu, nitaandaa meza na hapatakuwa na mtu wa kuijia.

Meli niliipata kwa bibi mmoja ninayemhudumia kazini. Alikuwa na tangazo la meli ndogo inayoteremka mto Potomac mpaka Ghuba ya Chesapeake, watu wanalala humo mara mbili, halafu inarudi. Aliwahi kuipanda na wanawe.

"Uzuri wa meli," aliniambia, "hakuna anayeweza kuondoka mapema."

Hapo akanimaliza. Mezani kwangu, hata kabla ya korona, mmoja alikuwa na zamu ya alfajiri na mwingine alikuwa na treni ya kuwahi. Walikula huku wamevaa makoti. Kwenye meli nani angekimbilia treni?

Niseme pia kwamba mimi ni mtu wa nyanda za juu, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia ni ya beseni. Sikuliona hilo kuwa tatizo. Nilifungua kundi la simu, nikaliita Kamati ya Safari, kwa sababu sisi Watanzania hatuwezi kuvuka barabara bila kamati. Mwenyekiti nilikuwa mimi, mweka hazina mimi, katibu nikamteua nesi, ambaye alijiuzulu kabla ya chakula cha mchana.

Kisha nikaenda dukani, barabara ya Rockville Pike, nikanunua majaketi matatu ya kuokolea maisha. Niliyaonyesha kwenye kikao cha video.

"Dada, meli ina majaketi yake," alisema nesi.

"Ya kwao yamevaliwa na kila mtu. Haya ni yetu."

Kitinda mimba akasogeza uso kwenye kamera. Huyu Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hapa namwandika kwa Kiswahili kwa sababu kalamu ni yangu. "Dada, hebu soma hapo pembeni. Hayo mawili ni ya watoto."

Nikasoma. Kweli. Langu lilikuwa la mtu mzima. Ya kwao nilikuwa nimeyachagua kwa kumbukumbu.

Baada ya hapo nikapiga simu kwenye kampuni ya meli kuweka nafasi. Karani alikuwa msichana mwenye sauti tamu. Alichukua majina, akauliza kama tumechanjwa, kisha akauliza, "Je, nyote watatu ni watu wa nyumba moja?" Akaeleza kwamba kwa ajili ya korona, wanaoishi pamoja hukaa meza moja, na wasioishi pamoja hutenganishwa.

"Ndiyo," nikasema. "Nyumba moja."

Lilitoka lenyewe. Na ili mjue kwa nini baada ya kukata simu nililowa jasho, lazima niwaeleze kuhusu baba.

Tulipopata ile bahati nasibu ya viza, tukiwa bado nyumbani, baba aligeuza sebule yetu kuwa ubalozi. Alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani ambayo hakuihitaji, akatuhoji mmoja mmoja. Mama aliulizwa jina la mama yake mzazi, akacheka, akarudishwa mwisho wa foleni. Mimi niliulizwa mdogo wangu anaogopa nini. Kitinda mimba alikuwa mgongoni, amesamehewa. "Mmarekani ukimdanganya leo," baba alituambia, "atakukumbusha uzeeni." Siku ya usaili wenyewe afisa alituuliza maswali mawili, akatutakia safari njema. Baba alihuzunika kidogo.

Tukaja. Miaka haikuwa mingi, baba akatangulia, na mama akamfuata kabla hatujamaliza kumlia baba. Nilikuwa bado shule, nimetimiza umri wa mtu mzima juzijuzi tu. Hakimu mmoja mwenye upole aliniuliza kama watoto hawa wangeweza kubaki katika nyumba moja. Nikamwambia, "Nyumba moja." Wiki ile ile niliacha shule, sikurudi tena. Neno lile sikuliacha.

Kwa hiyo karani aliponiuliza, lilijibu lenyewe, kama mlinzi wa zamani anayepiga saluti usingizini. Lakini anwani zetu zilikuwa tatu. Nilikuwa nimeidanganya Marekani. Pasipoti yangu ya bluu, ya Kimarekani, iko kwenye droo, lakini moyo wangu bado unasubiri viza.

Niliitisha kikao cha dharura, nikapendekeza wahamie kwangu wiki mbili kabla ya safari ili jibu langu liwe kweli.

"Dada, sisi si magunia," alisema nesi. "Umeshasema ndiyo, basi. Nani atauliza?"

"Wakituuliza je?"

"Nani, Dada? Nahodha?"

"Yeyote. Tukishindwa kujibu, watajua hatuishi pamoja."

"Sawa," alisema kitinda mimba, na nilimwona anauma midomo. "Kwa hiyo tujiandae kwa mahojiano na nahodha."

Alikuwa anatania. Mimi nikapanga siku.

Tulikutana Jumamosi mchana kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo letu, kila mtu kwenye kiti cha kukunja nilichomtolea, mbalimbali, barakoa usoni. Majirani walisimama madirishani. Mimi nilikaa mbele. Miwani sikuvaa, lakini sauti ya baba nilikuwa nayo.

"Wewe," nilimwambia nesi. "Mdogo wako anakwenda kazini na basi gani?"

"Haendi kazini, Mheshimiwa. Kazi iko mezani kwake, pembeni ya kikaango."

"Mdogo wako anaamka saa ngapi?"

"Akiwa na kikao, dakika tano kabla ya kikao."

Nikamgeukia mwingine. "Dada yako nesi, akitoka zamu ya usiku anafanya nini kwanza?"

"Ananipigia simu," alisema. "Tunaongea mpaka afike kwake, asisinzie kwenye usukani. Kila akitoka usiku."

Sikuwa na habari hiyo. Nikajikohoza kama afisa. "Anapenda nini kwa kifungua kinywa?"

"Mayai. Ananiambia na mimi nile mayai tangu nilipoacha nyama."

"Umeacha nyama?"

"Tangu mwaka jana, Dada."

Mwaka jana! Nilihesabu sufuria zangu zote za pilau ya ng'ombe, Jumapili kwa Jumapili. "Na pilau yangu?"

Akamtazama nesi. Nesi akaitazama lami.

"Wenzangu wa nyumbani wanaipenda mno," alisema. "Huwa wananiuliza Mama Jumapili anakuja saa ngapi."

Nesi alicheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. Kisha akanyanyuka, akasimama mbele yangu, mbali kiasi. "Haya, Mheshimiwa. Zamu yako. Toka kwenye kiti cha ubalozi, kaa pale."

"Mimi ndiye ninayehoji."

"Nahodha hatachagua. Kaa."

Nikakaa. Nilikaa kwa raha, nawaambia ukweli. Kama kuna mtihani ambao mtu aliyeacha shule angeufaulu, ulikuwa huu. Watoto hawa niliwajua kwa harufu.

"Mdogo wako wa kiume," alisema nesi, "ni kitu gani kinamnyima usingizi?"

"Giza."

"Dada," alisema kitinda mimba, "nina ndevu."

"Swali la pili. Mimi nataka kufanya nini mwakani?"

Hili nililijua bila kufikiri. "Kuolewa."

"Kusoma tena. Nimeshapata nafasi, naanza masika. Nilikuandikia kwenye kundi, wewe ukajibu na picha ya boya."

Niliikumbuka ile picha. Nilidhani imekaa vizuri.

"La tatu," alidakia kitinda mimba. "Saizi zetu za jaketi la kuokolea."

Jirani mmoja dirishani akapiga makofi, ingawa sidhani alielewa neno hata moja. Nikajaribu kubahatisha, wakatikisa vichwa vyote viwili kwa pamoja, kama walivyofanya walipokuwa wadogo na mimi nikiwa na kijiko cha dawa. Halafu kitinda mimba akainuka, akanyoosha mkono kama anayegonga muhuri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Viza imekataliwa."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi yao, kisha nikakunja viti vitatu na kuvipandisha ngazi peke yangu, nikiwakataza wasinisaidie kwa sababu ya korona.

Nilipofika juu nilisafisha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nililia kidogo, si sana, nilikuwa na zamu. Kilichonichoma si kwamba hatukuwa nyumba moja. Wale wawili walikuwa nyumba moja kabisa, Rockville na College Park, kwa simu ya alfajiri na mayai. Aliyekuwa nje ni mimi, nimesimama kando ya gari napunga mkono. Na baba, ambaye hakuwa na huruma na watahiniwa, angenirudisha mwisho wa foleni.

Jumatatu nikampigia karani. Nilisimama, maana mambo kama hayo siwezi kuyasema nimekaa.

"Nilikosea," nilisema. "Sisi si nyumba moja. Ni nyumba tatu."

"Sawa, mama," alisema. "Basi meza tatu."

Nikasubiri adhabu.

"Hakuna kingine?" niliuliza.

"Kuna kingine?"

"Hapana."

"Mngependa upande wa dirishani?"

Miaka yote nimebeba lile neno kama yai, na Marekani inaniuliza habari za dirisha. Nilimwomba aziweke meza zetu jirani kadiri sheria inavyoruhusu, ili tuweze kupigiana kelele. Nikasikia anapekua karatasi, nadhani alikuwa anasoma kanuni. Kisha akasema umbali umeandikwa, lakini kelele hazijakatazwa.

Basi tukasafiri. Jioni ya kwanza, meli ikiteremka na mto, tulikaa kwenye meza tatu zenye vitambaa vyeupe, kila mmoja peke yake kama mfalme aliyefiwa. Mimi nilikuwa nimevaa jaketi langu la kuokolea juu ya gauni la kanisani, na sikulivua mpaka tuliporudi. Sala ya chakula niliisali kwa sauti ya mwinjilisti wa sokoni. Wazungu wa meza ya mbele waliinamisha vichwa na wao.

Mhudumu akapita. Nesi aliagiza kuku bila kunitazama. Kitinda mimba aliagiza mboga, na nikajizuia kumwambia mhudumu amwongezee kitu. Kisha mhudumu akasimama mbele yangu na kalamu yake.

"Mama, nikuletee nini?"

Nikaishika ile karatasi ya vyakula. Nyumbani kwangu mimi hula kile nilichowapikia wao. Hata walipoondoka niliendelea hivyo hivyo, napika pilau ya watu wawili wasiokuwepo, nami najipakulia kilichobaki baada ya kujaza vyombo vyao.

"Swali la mwisho la usaili, Dada!" alipaza sauti nesi kutoka mezani kwake. "Mkubwa wetu anapenda kula nini?"

"Sijui," nilisema.

"Jibu hilo tunalikubali kwa leo," alisema kitinda mimba. "Mwacheni afikiri, hatuna haraka."

Kweli, hawakuwa na haraka. Hakuna aliyetazama saa, makoti yalikuwa vyumbani, na kingo za mto zilikuwa mbali pande zote mbili. Nilisoma ile karatasi yote, juu mpaka chini, mhudumu wa watu amesimama. Nikaagiza samaki, kisha nikamwita arudi, nikaagiza na viazi, kisha nikaagiza na keki.

Chakula kilipokuja nilimuuliza nesi atasomea nini hasa, na mwenzake nikamuuliza ni kitu gani basi kinachomnyima usingizi, kama si giza. Niliuliza kwa kelele, samaki akiwa mdomoni, kwa kuwa majibu nilikuwa nayataka upesi. Kutoka meza ya tatu, kitinda mimba akaninyooshea uma, na kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi mwenyewe, akaniambia kwanza nimeze.