Milo Saba ya Mama Mwiko

Mama Mwiko alistaafu baada ya kupika miaka ishirini na minane katika jiko moja la shule ya bweni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kula chakula cha mchana amekaa. Alikula kwa kusimama karibu na mlango wa nyuma, wali ukiwa kwenye mfuniko wa sufuria, jicho moja kwa wanafunzi mia sita na jingine kwenye moto. Ukimletea kiti, alikifanya cha kuwekea karai la vitunguu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili ofisini, na huko ofisini nako walikuwa wamelisahau.

Walimu walipokutana kupanga zawadi ya kumuaga, nusu yao walitaka anunuliwe seti ya masufuria. Mwalimu mkuu, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa mawazo mengi, siku hiyo alipata moja zuri. Alisema mtu aliyepika maisha yake yote ukimpa sufuria umemrudisha kazini kwa mlango wa uani. Basi wakakata shauri wampeleke mji mkubwa kwa siku tatu, yeye na mwenzake atakayemchagua, walale nyumba ya wageni na wale milo saba ambayo hakuipika yeye. Barua ya kumpa habari hiyo ilikuwa na sharti moja tu, kwamba asishike mwiko.

Alimchagua mtunza stoo. Huyu alikuwa mjane wa umri wake, mwenye funguo kumi na moja kiunoni, na mdomo ambao haukupata kufuli hata moja. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu jiko likiwa la kuni. Wote wawili waliujua mji mkubwa kwa kuusikia tu, na walivyousikia, ulikuwa na chakula kila kona.

Ratiba ilipangwa stoo, juu ya magunia ya mchele, katika daftari la mistari. Mama Mwiko aliandika moja mpaka saba ukingoni mwa ukurasa, kisha akaanza kueleza anachokitaka. Alitaka supu ambayo hakuiona ikichemka. Alitaka chai iletwe kwenye birika lake, na kikombe kiwe na kisahani chini yake. Alitaka kula ghorofani angalau mara moja, na kunywa maji ya matunda yenye barafu amekaa dirishani, bila mtu kumuuliza chumvi iko wapi. Mtunza stoo yeye alisema anataka nyama, na akaacha hapo.

Habari zilitafutwa kwa kila aliyewahi kufika. Mwalimu wa jiografia, aliyesoma mjini miaka mitano, aliwachorea ramani yenye mshale wa kaskazini na kipimo cha umbali, lakini ikaonekana kwamba migahawa yote anayoijua iko nyuma ya chuo na mingi imeshabomolewa. Katibu wa ofisi alikuwa na sehemu moja tu, ya ghorofani, na aliisifia mpaka akatia chumvi. Mtu wa kutegemewa alikuwa dereva wa lori la unga. Alikuwa amekula kila mtaa wa mji ule, na alikumbuka sahani kuliko alivyokumbuka barabara.

Mama Mwiko alipanga milo ile kama alivyopanga vyakula vya muhula. Maharage hayafuatani, kikavu kinafuatwa na cha mchuzi, na tumbo halipewi vitu viwili vigeni siku moja. Pembeni akaandika saa. Kifungua kinywa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chakula cha mchana saa sita kasorobo, cha jioni saa kumi na mbili kamili. Mtunza stoo akamwambia watu wa mjini hula wanapojisikia. Mama Mwiko akajibu kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaougua vidonda vya tumbo, na hakufuta kitu.

Palibaki mstari wa nne, chakula cha mchana cha siku ya pili. Dereva alikuwa na jibu lake tayari. Alisema katika mtaa wa wachonga mihuri kuna hoteli ndogo ya meza nane, wali na maharage, na mwenye hoteli ni mwanamke mmoja ambaye kabla ya kufungua mlango huweka sahani ndogo kaunta. Mtu mmoja lazima aonje kwanza. Asipoonja mtu, hapewi mtu.

"Mwenyewe aliniambia alijifunzia hapa kwenu," alisema dereva.

Mtunza stoo alicheka mpaka funguo zikalia. "Si yule mdogo wako aliyetuunguzia maharage? Leo ana hoteli!"

Mama Mwiko alisema wataona wakifika huko. Akaandika mlo wa tano, wa sita na wa saba, na ule wa nne akauacha wazi.

Sasa, habari ya maharage ni hii. Miaka kumi na mmoja nyuma, mdogo wake wa tumbo moja alikuwa msaidizi katika jiko lile. Kulikuwa na ubao ukutani wenye zamu za moto, na aliyeandikwa siku hiyo ndiye mwenye kujibu. Na kulikuwa na utaratibu wa mwalimu wa zamu. Nusu saa kabla ya kengele mwalimu alipelekewa sahani ndogo, mpishi akasimama mbele yake na mikono nyuma, mwalimu akaonja, na akiridhika alitamka neno moja tu: "Wapewe." Bila neno hilo hata kijiko hakikutoka.

Siku ambayo wajumbe wa bodi walikuja kula na wanafunzi, ubaoni palikuwa na jina la mdogo mtu. Lakini wageni walikuwa wengi na mchele haujachambuliwa, na Mama Mwiko alimwambia mdogo wake nenda kachambue, moto niachie mimi. Kisha akasimama mlangoni na mleta mboga, wakazama katika maneno ya harusi ya mtu fulani. Pua ilipomwambia, sufuria kubwa ilikuwa imeshika chini. Kila mpishi wa chakula cha wengi anajua kwamba maharage yakishika chini hayaguswi, unachota ya juu taratibu ukahamishia sufuria nyingine. Yeye aliyejua kuliko wote alitumbukiza mwiko akakoroga mpaka chini, na moshi ukaingia katika kila punje.

Mwalimu wa zamu aliweka kijiko chini. Mwalimu mkuu wa wakati huo akaja jikoni na kuuliza nani alikuwa kwenye moto. Mama Mwiko alitazama ubao. Mwalimu mkuu naye akautazama, akasoma jina, na hakuna aliyeongeza neno. Mdogo wake alimwangalia dada yake kwa muda, akafungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya kukatia. Jioni ile aliondoka na begi moja. Tangu hapo wakawa wanapeana salamu za misiba kupitia watu wengine.

Mama Mwiko alijiambia kwamba angesema siku ya pili. Siku ya pili akajiambia mwisho wa wiki. Aliona aibu, na aibu ile ilizeeka naye.

Mjini waliingia siku ya kwanza saa tano, na saa sita kasorobo kamili walikuwa kwenye mgahawa wa supu. Viti vilikuwa bado juu ya meza. Kijana mwenye fagio aliwaambia wapishi ndiyo kwanza wanakata vitunguu. Mama Mwiko alisema hapana neno, wateremshiwe viti viwili. Walikaa saa nzima wakisikiliza kisu, na yeye akawa anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba huyo anayekata ana haraka, na kwamba sufuria yao ni nyembamba. Supu ilipofika aliisifu kwa haki, ila hakuweza kusema kwamba hakuiona ikichemka, maana alikuwa ameifuata hatua kwa hatua kwa masikio.

Jioni, kule ghorofani kwa katibu wa ofisi, mambo yalikuwa mazuri zaidi kwa muda. Birika lilikuja, na kisahani kilikuwepo. Walitazama barabara chini na watu wakitoka kazini. Mara Mama Mwiko akainua pua. Akasema wali unashika. Kabla mtunza stoo hajamkamata mkono alikuwa ameshapita meza tatu na kusukuma mlango wa jikoni, na mpishi mmoja aliyevaa kofia ndefu akaambiwa na bibi asiyemjua apunguze moto na aweke kipande cha mkate juu ya wali kivute moshi. Alirudishwa mezani kwa heshima. Wali ulipoletwa haukuwa na moshi, na mhudumu aliongeza nyama bila kuulizwa, jambo lililomfanya mtunza stoo aseme kwamba sharti la barua halikuvunjwa, kwa kuwa mwiko hakuushika.

Usiku Mama Mwiko hakupata usingizi wa maana. Kumwokolea mtu baki wali wake kulimchukua hatua kumi na mbili. Alizihesabu; kwa mdogo wake hakupiga hata moja.

Siku ya pili, walipomaliza kifungua kinywa, mtunza stoo alifungua daftari na kukuta mstari mtupu. Akapendekeza wajaze hapo duka la maji ya matunda waliloliona jana, kisha nyama. Mama Mwiko alisema mstari huo una wenyewe tayari. Akaondoka mbele kwa miguu, akiuliza njia kwa kila mwenye duka, na mwenzake akimfuata nyuma akilalamikia viatu. Mtaa wa wachonga mihuri ulikuwa mwembamba, na vumbi la mpira lilikuwa mezani kwa kila fundi. Hoteli ya meza nane ilikuwa mwisho wake. Saa ilikuwa sita kasorobo, na mlango ulikuwa nusu wazi.

Mdogo wake alikuwa kaunta akipanga vikombe. Amenenepa, nywele zimeanza kuwa nyeupe upande mmoja. Aliwaona wote wawili, na mkono wake ukasimama juu ya kikombe.

"Bado hatujafungua," alisema. "Lakini shule mnakula saa hizi. Kaeni."

Walikaa. Mtunza stoo alianza kumsalimia kwa kelele na kumuuliza habari za miaka kumi, na akajibiwa kwa adabu, neno moja moja. Nje wachonga mihuri wawili watatu walikuwa wameshaanza kusogea mlangoni na kungoja, mikono mifukoni, kama watu wanaojua utaratibu.

Mwenye hoteli aliingia jikoni akatoka na sahani ndogo. Hakuiweka kaunta. Aliiweka mbele ya dada yake, maharage na wali kidogo na kijiko, kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima, mikono nyuma.

Mama Mwiko alikuwa amepeleka sahani kama ile maelfu ya mara. Kukaa upande huu wake hakuwahi. Alishika kijiko, akakiweka chini bila kuonja.

"Siku ile ya bodi," alisema, "moto nilikuwa nao mimi. Wewe nilikutuma mchele. Nikaunguza, nikakoroga, nikanyamaza."

Mtunza stoo alizishika funguo zake zisilie.

"Mimi hilo nalijua, dada," alisema mdogo wake. "Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mikono aliyoificha nyuma ilikuwa imeshikana kwa nguvu. "Mle jikoni nina wasichana wawili. Kila siku nawaambia, ukiunguza, sema. Wananiuliza kwa nini nalisema sana. Nenda kawaambie wewe."

Mama Mwiko alisimama. Kutoka mezani mpaka mlango wa jikoni zilikuwa hatua saba. Akasimama mlangoni, mahali kama pale ambapo maisha yake yote alikula, akawaambia wasichana wawili wasiomjua kwamba yeye ndiye aliyeunguza maharage ya bodi, na kwamba mtu aliyebeba lawama akaondoka ni huyu bosi wao. Msichana mmoja aliacha kuosha vikombe. Mwingine alimtazama, kisha akageukia sufuria yake na kupunguza moto.

Aliporudi alikuta sahani pale pale na mdogo wake amesimama vile vile. Alikaa, akaonja. Maharage yalikuwa yameiva sawasawa, chumvi ilikuwa mahali pake, na hakukuwa na harufu yoyote ya moshi. Alianza kulia akiwa bado anatafuna, akajifuta kwa kiganja, akaonja tena.

Mlangoni wachonga mihuri sasa walikuwa sita au saba. Mdogo wake aliwatazama, akamtazama dada yake.

"Mwalimu," alisema, "watu wanangoja."

"Wapewe," alisema Mama Mwiko, na mdogo wake akaenda kuufungua mlango wote.