Kovu la Mama Limehamia Upande wa Pili

Mtaani walimwita Wino, kwa sababu kucha zake hazikutakata hata siku ya harusi yake. Kazi yake ilikuwa kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino kwa roli, kulaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ihamie. Kutulia hakukujua. Chai yake ilinywewa na inzi, na akikaa kitini ungedhani amekalia miiba.

Mwaka huo alizidi. Daktari wa macho alikuwa amesema waziwazi kwamba mama yake hataona kwa muda mrefu tena. Na mama huyo, tangu zamani, hakuwahi kuikubali picha yake hata moja. Iwe ya kamera, iwe ya mkono wa bintiye, aliitazama, akaguna, akairudisha. "Huyu si mimi." Wino alitaka kitu kimoja tu: mama aione moja na kuikubali kabla giza halijaingia.

Basi akachukua ubao mzuri na picha ya mama, ile inayoonyesha vizuri kovu la shavuni, akachonga kutwa nzima. Alizunguka meza, akafungua dirisha, akalifunga, akairudia patasi. Mumewe alipomletea chakula alifukuzwa pamoja na sahani yake.

Alipoibandua karatasi ya kwanza, mumewe alichungulia.

"Mke wangu, kovu la mama si liko shavu la kushoto?"

Wino akashika kichwa. Kila mchonga ubao, hata aliyeanza juzi, anajua kwamba picha hutoka kinyume, kwa hiyo unaanza kwa kuichora kinyume. Kwa pupa yake alikuwa amesahau. Na ubao ukishachongwa ndiyo basi, hauoti tena. Alilia kwa hasira, akaishika karatasi airarue.

"Lete nione," mama akasema. Alikuwa ameingia taratibu, mkono ukipapasa ukuta.

"Nimeiharibu, mama."

"Nimesema lete."

Akaisogeza dirishani, karibu iguse pua. Alikaa nayo muda mrefu. Wino alizungusha kijiko vidoleni mpaka kikamponyoka.

"Haya, huyu sasa ndiye mimi."

"Usinibembeleze, mama. Kovu liko upande siyo."

"Siyo kwa nani? Kila asubuhi namwona huyuhuyu kwenye kioo. Nyinyi na mapicha yenu mlikuwa mnaniletea mtu mwingine."

Mume akaangua kicheko. Wino hakuweza. Uso ule mama yake aliuona peke yake maisha yote, na sasa ndio alikuwa akiuaga.

Mama hakuirudisha karatasi. Aliilaza mapajani, akavuta kiti cha pili.

"Na wewe kaa," alisema. "Tulia hata kidogo, mwanangu. Nataka kukutazama."

Wino akakaa.