Ubao Usio na Mnyama

Mie nimechora twiga maisha yangu yote, na twiga mwenyewe nimemwona mara moja tu, tena amekufa. Kagongwa na lori kule Mikumi, nilikuwa naenda kwenye maziko Iringa, watu wote wakashuka kwenye basi kumtazama. Ndipo nikaona kwamba shingo tulikuwa tunaikosea. Niliporudi bandani nikawaambia wenzangu. Wakasema mteja ameshaizoea ile yetu, iache. Basi tukaiacha, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo.

Banda letu lipo Mikocheni, nyuma ya gereji. Tunachorea kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Sijasoma sana, niliishia darasa la nne, lakini kazi hii haitaki kusoma. Asubuhi mtu mmoja anapiga rangi ya chini kwenye mbao kumi au ishirini kwa mpigo: chungwa inashuka mpaka nyekundu, nyekundu inaingia kwenye weusi, kama jua linazama, ingawa jua la wapi hatujui. Zikikauka, mwingine anaweka wanyama, mwingine majani, mwingine nukta. Ukiuliza ubao huu wa nani, watu watatu watanyoosha mkono.

Na tuna utaratibu wetu mmoja. Mwenzetu akifiwa, mbao zake alizoziacha tunammalizia. Zinauzwa, chake anapelekewa. Hakuna aliyekaa akaandika hivyo, tumeukuta. Mie mwenyewe nimewamalizia watu wengi, na nilikuwaga nafurahi nikifanya vile, najiona mtu mwema.

Sasa niseme habari ya binti yangu. Alikuwa kitinda mimba, na alizaliwa na siko seli. Anayeijua siko seli haina haja nimweleze, na asiyeijua namwombea asiijue. Kuna wiki anacheka, anasuka wenzake nywele barazani pale Manzese, anawasema wapita njia. Halafu kuna siku mifupa inamshika, na macho yanakuwa manjano. Sie tulikuwa tunayatazama macho yake kwanza, kabla ya salamu. Miaka ishirini na miwili tumeyatazama.

Siku ile mama yake alikuwa naye wodini. Akanipigia simu asubuhi, akasema njoo, leo haniangalii vizuri. Nikamwambia namalizia punda milia hawa, nakuja. Walikuwa punda milia wanane, na dalali anayetuchukulia mzigo alikuwa anakuja saa sita. Punda milia ana mistari mingi. Ningeweza kumwachia mtu, wapo watu. Sikumwachia. Nilipofika hospitali shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu, na mke wangu amekaa kitini, kikombe cha plastiki mkononi kina maji nusu.

Hakuniuliza kitu. Tulimzika siku ile ile, alasiri. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo mama yake alibaki uani na wenzake, nasi tukaondoka na jeneza. Nilirudi na udongo kwenye kandambili. Alizitazama zile kandambili, halafu akaingia ndani. Tangu hapo maneno yetu yakawa chakula hiki, maji ya kuoga yale. Ilipita arobaini, watu wakaondoka, nyumba ikawa yetu wawili. Kwenye simu tuna picha zake nyingi, lakini zote anacheka. Mke wangu alikataa kuziona. Alisema hizo zinamsingizia.

Nikarudi kazini. Siku ya kwanza nikachukua ubao nipige rangi ya chini, kama kawaida, mkono ukakataa. Sijui niseme vipi. Niliweka manjano juu, manjano mbaya, niliyoichafua kwa kijani kidogo mpaka ikawa ile ile ya macho. Katikati nikavuta kitu cheupe kinachoelekea buluu, kikakatika kabla hakijafika mwisho wa ubao, nikakiacha kimekatika. Chini nikajaza weusi. Lakini huo weusi niliupiga mara nyingi, nikaukwangua kwa kisu, nikaupiga tena, mpaka ukawa na mikwaruzo kama mtu anayetaka kutoka. Hapakuwa na mnyama, mti wala nukta. Nilipomaliza nikakuta kola ya shati imelowa, na sikumbuki nilianza kulia saa ngapi.

Kesho yake nilisahau dawa zangu za presha nyumbani, mke wangu akaniletea. Huwa haji bandani, anasema harufu ya thina inampasua kichwa. Akanipa dawa, akageuka aondoke, akauona ule ubao umeegemea ukuta. Alisimama. Wenzangu walikuwa nje wanakunywa chai. Akapeleka kidole pale cheupe kinapokatika, hakugusa.

"Hapa ndipo alipoomba maji," akasema.

Mie sikuwepo alipoomba maji. Sikuwa nimeambiwa na mtu.

"Nyie mlimzika," akasema tena, polepole. "Mie sikuona alipowekwa. Niletee hiki nyumbani, baba watoto, niwe na pa kutazama."

Nikamwambia hakijakauka, kinataka siku tatu. Jioni nilipofika nyumbani nikamkuta ameshahamisha kabati, ukuta ameufuta vumbi, na amenunua misumari ya zege. Akanipakulia chakula, akakaa kunitazama nikila. Alinieleza jinsi asubuhi ile ilivyokuwa wodini, kidogo, mpaka pale alipoweza. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu nilikuwa na zamu ya kliniki. Kliniki ya presha ukienda saa moja unatoka saa nane, benchi lile lile, hadithi zile zile. Sikwenda bandani. Nilikwenda asubuhi iliyofuata, na gazeti la kufungia ule ubao nimeshika kwapani.

Pale bandani nina mtani wangu. Ni mtani kweli, wa kikabila, na msibani kwangu yeye ndiye aliyewachekesha watu, alilala kwenye kitanda changu akadai yeye ndiye marehemu aletewe pilau. Ndiyo kazi ya mtani, na aliifanya vizuri. Sasa nilipoingia tu akanibandika noti zilizokunjwa mkononi.

"Shika, mzee mfiwa," akasema anacheka. "Nimekumalizia ule wa weusi. Rangi ya chini uliipiga mbaya kama uso wako, lakini twiga zangu tatu pale chini zimeuokoa."

Nikauliza uko wapi. Akasema dalali alipita jana mchana, amechukua na nyingine, rangi mbichi hivyo hivyo. Tukampigia dalali simu. Akasema mzigo wote ulinunuliwa na wageni waliokuwa wanaondoka usiku ule ule, hata majina hakuwauliza.

Nilimshukuru mtani wangu. Ningefanyaje? Alikuta ubao una rangi tupu, hauna mnyama, wa mtu aliyefiwa, akafanya nilichowafanyia wengine mie. Na hapo ndipo nilipoanza kuumwa kwa upande mwingine. Kuna mzee mmoja alikuwa bandani kwetu zamani, alifiwa na mkewe, akaacha ubao mweupe wote, mweupe mtupu, kona moja tu ina chekundu. Mie niliuwekea tembo wanne. Nilimpelekea chake, akanitazama muda mrefu, akasema ahsante. Sasa najiuliza alikuwa ameweka nini pale kwenye cheupe. Ameshakufa, hayupo wa kuniambia.

Nyumbani nilidanganya. Nikasema rangi haijakauka, mvua imeleta unyevu. Nikanunua hadibodi ya kipimo kile kile nikauchora upya. Manjano ile ile, naijua. Cheupe kile, kukatika kule. Weusi nikaupiga, nikaukwangua. Mtani wangu akaniona nahesabu mikwaruzo, akauliza unafanya nini, nikamweleza yote. Akaweka brashi chini. Akatoka, akaenda kukaa juu ya tairi kule gereji mpaka jioni. Hajanitania tena tangu siku ile. Ananiamkia shikamoo kama vile mie baba mkwe wake.

Ubao wa pili ulipokauka niliupeleka nyumbani nimeufunga na gazeti. Mke wangu akaufungua mwenyewe kitandani. Akautazama kidogo tu.

"Hiki siyo," akasema.

Nikasema ndicho.

"Hiki umekichora unaniogopa mie."

Basi nikamwambia. Nikamwambia kliniki, mtani, dalali, wageni. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo nikamwambia na punda milia, kwamba niliweza kuondoka asubuhi ile na sikuondoka. Hakulia. Akauliza wamechora mnyama gani.

"Twiga. Watatu."

"Wamesimama wapi?"

"Chini. Kwenye weusi."

"Basi wamemkanyaga," akasema.

Akaufunga ubao kwenye gazeti lake, akausukuma uvunguni. Halafu akasema nimpeleke makaburini. Nikamkumbusha watu watasema nini, dada yangu je, shehe je. Akasema waseme.

Tulikwenda siku ya kazi, asubuhi. Nilipotea kidogo, kwa sababu tangu tumzike yamechimbwa mengine mengi, na mvua imeyabonyeza yote yakafanana. Kibao cha mbao kilikuwa kimelala. Nikakisimamisha, nikakikandamiza kwa mawe. Yeye amejifunga mtandio mpaka puani, ananisubiri nimalize.

"Kichwa kiko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akazunguka upande ule, akakaa chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu, akaweka kiganja pale. Nilisimama upande wa miguuni. Hakuniambia nisogee, nami sikusogea.