Nilivyochagua kulipia stima kwa ndengu Kyuso, na aliyekuwa akinilipia bila mimi kujua

Wakuu, salamu nyingi kutoka Kyuso, huku juu Kitui.

Nimeona vijana mkibishana humu jukwaani kwa wiki nzima. Mwingine anasema tokens za stima, zile za kulipa kabla, ni wizi, mwingine anasema heri bill ya mwisho wa mwezi. Nimecheka peke yangu, kwa sababu mimi nilichagua tariff, yaani mpango wa kulipia, kabla nguzo za stima hazijafika kwetu. Nitawasimulia ilivyokuwa, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mke wangu husoma humu, kwa hivyo hata nikitaka kuwadanganya siwezi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakubwa wanakumbuka shilingi ilivyokuwa ikianguka. Unaenda dukani Jumatatu sukari bei hii, ukirudi Ijumaa mwenye duka anakuangalia kwa huruma.

Nilikuwa mwalimu wa primary, nafundisha hesabu. Nilikuwa na kichwa kikubwa sana kuhusu hizo hesabu.

Pale sokoni kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi, Mzee Abdi. Watu wake walitoka kaskazini mashariki, lakini yeye alikuwa amekaa Kyuso mpaka Kikamba chake kilishinda cha baadhi yetu. Alikuwa na generator kubwa ya kuendesha posho mill yake ya kusaga unga. Siku moja akaamua kuvuta nyaya hadi kwenye nyumba za karibu na soko. Kila jioni tungepata mwanga kuanzia giza linapoingia mpaka saa nne.

Nyumba kama thelathini tuliandikisha. Mimi niliandikisha balbu moja.

Hiyo balbu haikuwa ya maringo. Mke wangu, Mwende, aliacha shule form three kwa kukosa fees. Mwaka huo alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa form four kama private candidate. Mchana ni shamba, maji, mbuzi, na mtoto wetu Mumo mgongoni. Wakati wake wa kusoma ulikuwa baada ya chakula cha jioni, na taa yetu ilikuwa koroboi. Nilikuwa namwona anafuta macho kila baada ya mistari miwili, pua imejaa masizi. Hakuwahi kulalamika. Lakini aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba akianguka huo mtihani hatajaribu tena.

Kwa hivyo Mzee Abdi alipokuja na stima, mimi niliona Mungu ametujibu.

Sasa tariff.

Mzee Abdi alileta plan mbili. Ya kwanza, unalipa shilingi kila mwisho wa mwezi kulingana na bei ya diesel. Diesel ikipanda unapanda nayo. Ya pili, unalipa ndengu. Debe mbili kwa balbu, mara moja tu baada ya mavuno ya Februari, halafu unawaka mpaka mavuno ya mwaka unaofuata bila kuongeza kitu.

Wakuu, mwalimu wa hesabu alihitaji kuambiwa nini tena?

Mwende alisita kidogo. Debe mbili ni chakula cha miezi. Nikamwonyesha kwamba ndengu ni rahisi wakati wa mavuno na diesel itapanda mwaka mzima, kwa hivyo tukifunga bei sasa tumeshinda. Akaangalia zile hesabu, akasema sawa.

Ningeishia hapo labda ningekuwa na kisa kidogo. Lakini ubishoo haukuniruhusu. Nilichukua chaki nikaenda butchery ya rafiki yangu Musyoka, nikaandika hesabu yote kwenye mlango wake wa buluu. Upande mmoja shilingi, upande wa pili ndengu. Watu wakajaa. Nikawafundisha kama darasa la saba. Nyumba thelathini, zote zikachagua ndengu isipokuwa nne.

Mmoja wa hao wanne alikuwa Mama Syombua, mjane aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, utalia mwaka huu." Watu wakacheka. Yeye akaendelea kupanga vikombe.

Sikufikiria hata kidogo kwamba Mama Syombua hakuwa na shamba. Angetoa wapi ndengu?

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mwende alikaa mezani na vitabu vyake, akaniambia sasa anaweza kuona mchoro wa moyo kwenye biology bila kukisia. Diesel ikapanda Machi, ikapanda Aprili, ikapanda tena. Mimi natembea sokoni kifua mbele. Watu wananisalimia, "Mwalimu, ulituokoa!"

Mwezi wa Julai stima ikaanza kuzimwa saa tatu.

Mwezi uliofuata ikawa inazimwa saa mbili. Yaani tunamaliza kula, Mwende anafungua kitabu, giza. Anarudi kwa koroboi, na mafuta taa nayo ilikuwa imepanda mpaka tunapima kwa kifuniko. Mtihani ulikuwa umebaki miezi mitatu.

Nilienda kwa Mzee Abdi nikiwa nimekasirika vibaya. Nilibeba karatasi yetu ya makubaliano. Nikamwambia tuliandikiana saa nne, na mimi nimelipa mwaka mzima.

Hakubishana. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya posho mill, akagonga mapipa ya diesel moja moja. Yote yalilia matupu isipokuwa moja.

"Mwalimu, ndengu yenu niliuza Februari, nikanunua mafuta," akasema. "Hiyo mafuta iliisha mwezi wa sita."

"Sasa tunawaka na nini?"

"Na pesa ya wale wanne. Ikiisha nafunga. Mimi siwezi uza mbuzi yote juu ya balbu."

Niliikunja karatasi yangu. Nyumba ishirini na sita, na mimi kiongozi wao, tulikuwa tunaangaziwa na watu wanne tuliowacheka. Tena wao walilipa bei kamili, ya kila mwezi, na walikuwa wanapata saa moja ya mwanga kama sisi.

Nikiwa narudi nyumbani, Mama Syombua aliniita kutoka mlangoni kwa hoteli yake.

"Mwalimu, kuja unywe chai."

Nikamwambia sina pesa mfukoni.

"Wacha pesa," akasema. "Mimi nimezoea kukulipia."

Nilikunywa ile chai wakuu, na sijawahi kunywa kitu kigumu kushuka kama hicho. Niliona aibu. Sitaficha.

Nyumbani nilianza kumweleza Mwende vile makubaliano yalikuwa makubaliano, vile Mzee Abdi angepaswa kuweka akiba ya mafuta. Akafunga kitabu.

"Baba Mumo, ulishinda Abdi. Ni sawa," akasema. "Sasa mimi nisome na huo ushindi wako?"

Akaenda kuosha vyombo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, isipokuwa kwamba ilinihesabu mimi peke yangu. Bei niliyoifurahia hakuna mtu angeweza kuuzia wote kwayo. Na kama ningeichagua peke yangu pengine generator ingevumilia. Ni kule kujigamba na chaki kulikozima taa ya mke wangu.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, niliomba nafasi. Nikasimama mbele nikasema hesabu niliyoandika kwa mlango wa Musyoka ilikuwa na shida, na nikaeleza shida ni nini. Nikasema kuanzia mwezi huo nitalipa shilingi kama Mama Syombua, ingawa nilishalipa ndengu za mwaka mzima. Nikaomba wenye uwezo tufanye pamoja mpaka Desemba.

Musyoka akasimama. "Mwalimu, si ni wewe ulitufundisha? Mpaka rangi ya mlango yangu uliharibu!"

Kanisa lote likacheka, mpaka pastor. Nilicheka pia, ningefanya nini. Halafu Musyoka huyo huyo akasema, "Niandike."

Nyumba kumi na moja zilijiandikisha. Zingine zilikataa. Zilisema mwanga wa kulia ugali unatosha, na mkataba ni mkataba. Ilikuwa waya moja, kwa hivyo nao walipata mwanga wetu bure. Nilitaka kuwachukia, nikakumbuka nusu ya mwaka mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, tena nikijipiga kifua.

Niliuza baiskeli kulipia ile miezi. Shule ilikuwa mbali, nikawa natoka kabla jua halijapata nguvu, nafika suruali ni vumbi mpaka magoti. Watoto walinipa jina la utani ambalo sitalisema hapa. Sikujali. Kutoka Septemba, stima ilirudi mpaka saa nne, na mezani kwetu kulikuwa na mtu anasoma.

Hiyo miezi Mwende alikonda. Alikuwa anasoma mpaka generator inakohoa na kuzima, anabaki gizani akijikumbusha kwa sauti aliyosoma. Mimi nilikuwa nalala nikisikia history ya dunia kutoka upande wa meza. Nilimpenda sana wakati huo. Nasema tu.

Jioni ya paper ya mwisho alirudi, akavua viatu, akakaa. Stima ilikuwa inawaka vizuri, diesel ilikuwa imeletwa siku hiyo. Nilimuuliza mtihani ulikuwaje. Akaitazama balbu.

"Baba Mumo, zima hiyo taa," akasema. "Leo sitaki kusoma kitu, hata uso wako."

Nikazima. Tukakaa gizani sisi wawili, saa moja ya jioni, nyumba za majirani zote zinawaka, na nilimsikia analia halafu anacheka halafu analia tena. Nikamshika mkono. Vidole vilikuwa bado na wino.

Alipita. Alisomea ualimu, akafundisha mpaka akastaafu, na hesabu anajua kuliko mimi.

Kwa hivyo nyinyi mnaochagua plan za stima, za solar, za gesi, mimi siwakatazi kutafuta bei nzuri. Tafuteni. Mimi bado napenda kupiga hesabu na bado naamini nilikuwa hodari. Lakini ukipata bei inayokufanya utembee kifua mbele, jiulize ni nani anajazia pengo. Mara nyingi ni mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kuchagua kama wewe.

Nimemaliza. Aliyewahi kulipiwa stima na jirani bila kujua, au aliyewahi kulipia wengine akanyamaza, aseme hapa chini. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, nilishazoea tangu kanisani.