Miaka Kumi na Minane Iliyohesabiwa Mitano

Nilirudi Bukavu kutoka Kisangani nikiwa na lisansi, shahada ya chuo kikuu, ya saikolojia ya kazi. Kabla mama hajamaliza kuwaonyesha majirani zetu wa Kadutu picha ya siku niliyopokea diplome, kiwanda kimoja cha sabuni kilikuwa kimeniajiri. Ilikuwa ile miaka ya Zaïre, tulipoitana sitwayen, yaani raia, na mwanamke mwenye lisansi watu walimgeukia barabarani.

Kazi yangu ilikuwa kupima watu wanaotafuta kazi: nani awekwe kwenye mashini, nani bohari, nani arudishwe kwao. Nilikuja na majaribio yangu ya karatasi. Katika biro, ofisi niliyopangiwa, nilimkuta mzee mmoja aliyekuwa ameifanya kazi hiyohiyo miaka kumi na saba, na shule yake ilikuwa imekoma miaka minne baada ya msingi. Yeye aliwapa watu vipande vya sabuni wavifunge kwenye karatasi, kisha akatulia, akitazama.

"Angalia mikono, mutoto yangu," aliniambia wiki ya kwanza. "Ule anafunga mbio-mbio, kesho mashini itamukata. Ule anasimama kidogo mbele ya kuanza, huyo njo wa kuchukua."

Nilicheka kimoyomoyo. Kisha mtu niliyemchagua mimi kwa alama zake nzuri akapoteza kidole kabla ya mwezi kuisha. Mzee alikuwa ameniambia nisimchukue. Hakunikumbusha hata siku moja. Tangu hapo nilikaa kando yake kila asubuhi, nikajifunza, na kila nilichokijua kuhusu kazi ile nilikipata kwake. Mshahara wangu ulikuwa mara tatu ya wake.

Mwaka wa pili direkta aliniita. Alitaka ngazi za mishahara zipangwe upya, mimi nikiwa msomi wa mambo hayo.

"Diplome ibebe uzito," alisema. "Na miaka ya kazi uihesabu, lakini isipite mitano. Baada ya mitano mtu anarudiarudia tu."

Nilijua si kweli. Nilikuwa nimeketi mwaka mzima kando ya mtu aliyeonyesha kwamba si kweli. Lakini niliandika, tena niliandika vizuri, kwa Kifaransa nilichokitoa kwenye madaftari yangu ya chuo, mpaka ule uonevu ukafanana na elimu.

Orodha ilibandikwa ukutani karibu na lango. Mzee aliisoma, akaja bironi, akavua kofia. Hakuniita mutoto yangu.

"Maman chef, ile miaka yangu kumi na tatu ingine imeenda wapi?"

"Papa, ni amri ya direksyon."

"Lakini maandishi ni yako. Miye najua mukono yako."

Alivaa kofia, akarudi kwenye kiti chake. Mchana ule nilikwenda kwa direkta nikamwomba aongeze angalau miaka mitano mingine. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba pesa hiyo ingebidi itoke mahali, labda kwenye uzito wa diplome. Je, tuanze na yako? Niliinamisha kichwa, nikatoka, na sikurudi tena kwa neno lile.

Mzee alikaa miaka miwili zaidi. Alimfundisha kazi msomi mwingine, ambaye naye aliwekwa juu yake. Kifua kilipoanza kumsumbua aliacha, akarudi kwao Mumosho kulima maharagwe. Nilisema nitakwenda kumwona. Mara mvua, mara njia mbaya, mara harusi ya dada yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuketi mbele yake.

Habari ya kifo chake ililetwa na mjane wake mwenyewe. Alikuja bironi amejifunga kitambaa cheusi, miguu imejaa tope, kuuliza mafao ya mume wake. Nilifungua faili, nikamsomea: kategori ya chini, miaka ya kazi inayohesabiwa, mitano.

"Mitano?" aliuliza. "Alianza hapa mbele mutoto yetu wa kwanza hajazaliwa. Sasa yule ameoa."

Nilimwambia ndivyo ilivyoandikwa. Aliniangalia usoni.

"Bwana yangu alikuwa anasema kuko musomi mumoja, mwanamuke, alimufundisha kazi hapa. Alisema huyo iko na roho nzuri, siku nikipata shida nimutafute. Njo weye?"

"Hapana, maman," nilisema. "Yule alihamia Kinshasa."

Alinishukuru. Alifunga karatasi ya hesabu niliyompa kwenye pembe ya kitenge chake, akatoka. Nilimtazama dirishani akivuka uwanja polepole, akisimama kila mara kupumua, mpaka alipopita lango. Nilikuwa na muda wa kumkimbilia.